Mtoto Mchanga Anayetapika Damu

Ni machache yanayomtia mzazi hofu kama kumwona mtoto wa siku tatu akitapika damu. Yafaa watu wa Kitui na Makueni wafahamu sababu zake, maana wako akina mama wanaozalia nyumbani, mbali na hospitali, na jambo hili halingoji.

Si kila damu itokayo kinywani mwa mtoto ni yake. Huenda aliimeza ya mama wakati wa kuzaliwa, au alinyonya titi lenye chuchu iliyochanika. Mwaka 1955 daktari wa Marekani, Leonard Apt, alieleza njia nyepesi ya kuzipambanua damu hizo mbili. Lakini kwa macho tu hazipambanuliki, basi mzazi asikae nyumbani akikisia.

Damu ikiwa ni ya mtoto mwenyewe, sababu moja kubwa ni upungufu wa vitamini K, ambayo huisaidia damu kuganda. Mtu mzima huipata katika mboga, kama majani ya kunde na sukuma wiki. Mama aweza kuzila kila siku na bado isimtoshe mtoto, kwa kuwa humfikia kidogo sana tumboni, na katika maziwa ya mama imo kidogo vilevile. (Hiyo si sababu ya kumnyima titi, hakuna chakula kimfaacho zaidi.) Hatari ni kubwa hasa tangu siku ya pili hata ya saba.

Damu iliyokaa tumboni hutapikwa ikiwa kama machicha ya kahawa. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi, wala si ugonjwa. Lakini kikiisha kuwa cha manjano, kisha kikarudi kuwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto wa kilo 3 ana damu ipatayo kikombe kimoja tu cha chai. Vijiko vichache vikimwagika, hasara ni kubwa.

Kinga ni sindano moja ya pajani, miligramu 1 ya vitamini K, punde baada ya kuzaliwa. Mtoto aliye chini ya kilo 1.5 hupewa nusu yake. Aliyezaliwa nyumbani apelekwe zahanati siku ileile. Mama anayetumia dawa za kifafa au za kifua kikuu amwambie mkunga mapema, kwani mtoto wake aweza kutokwa na damu siku ya kwanza.

Wako wasemao ni jicho baya, wakamtilia mtoto dawa za miti kinywani. Wasifanye hivyo. Afunikwe vizuri, alazwe kifuani pa mama, na safari ianze. Na wakati wa mvua, mito kama Tiva na Enziu inapojaa, mama aliyekaribia kujifungua ni afadhali ahamie mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali.