Istilahi za Upikaji wa Bia: Hopi, Mbegu na Kibadala

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea sentensi iliyomtatiza. Ilitoka katika kijitabu cha mafunzo ya upikaji wa bia, nayo ilimweleza mpishi afanye nini endapo hopi alizoagizwa kutumia zimekosekana. Mfasiri alikuwa ameandika: "Tumia majani ya aina nyingine, kiasi kile kile." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Hata hivyo ina makosa matatu ya maana, na atakayeifuata ataharibu pipa zima la bia. Yafaa tuyaeleze, kwani makosa ya namna hii huwapata wote wanaofasiri maandishi ya kiufundi.

Kosa la kwanza ni neno "majani". Hopi ni maua ya mmea wa kike utambaao juu ya kamba au miti. Maua hayo yana umbo la koni ndogo, na ndani yake mna unga wa manjano wenye vitu viwili avitakavyo mpishi: asidi za alfa, ziletazo uchungu, na mafuta mepesi yaletayo harufu. Mmea huu huhitaji siku ndefu za majira ya joto ya nchi za mbali na ikweta. Ndiyo sababu viwanda vyetu huagiza hopi kutoka ng'ambo, na ndiyo sababu hatukurithi jina lake. Tunapendekeza "hopi", katika ngeli ya N: hopi hii, hopi hizi.

Kosa la pili ni "aina", neno lililobebeshwa mzigo mzito mno. Huko Mungaa, Mkoani Singida, ambako mtama na uwele ni nafaka za ugali na za pombe pia, mkulima husema "mbegu": mbegu nyeupe, mbegu nyekundu, mbegu ya muda mfupi. Huenda msomaji akapinga kwamba hopi hupandwa kwa vipande vya shina la chini ya ardhi. Lakini Kiswahili husema "mbegu ya mihogo", na kinachopandwa ni kipande cha shina. Basi Saaz ya Jamhuri ya Cheki, Fuggle ya Uingereza na Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ni mbegu tatu za hopi. Majina yenyewe yasifasiriwe, kama vile jina la mtu lisivyofasiriwa.

Kosa la tatu, nalo ndilo kubwa, ni "kiasi kile kile". Mpika pombe wa kijijini akikosa mtama mwekundu wa kufanyia kimea, hujiuliza kwanza mtama ule ulikuwa na kazi gani katika chungu. Aweza kutumia uwele, lakini hatautazamia uwe na rangi na ukali wa mtama. Hopi nazo huchaguliwa kwa kazi. Zikichemshwa kwa muda wa saa moja hutoa uchungu, na harufu yake hupaa pamoja na mvuke. Zikitiwa mwishoni huacha harufu, na uchungu wake huwa mdogo.

Kwa hiyo kubadili hopi ya uchungu ni suala la hesabu. Ikiwa maelezo yanataka gramu 30 za hopi yenye asidi za alfa asilimia 5, na iliyopo ina asilimia 10, mpishi atie gramu 15 tu. Akitia gramu 30, uchungu utakuwa karibu maradufu. Kwa hopi ya harufu hesabu hiyo haitoshi: Cascade hunukia kama balungi, Fuggle hunukia udongo na mitishamba, na gramu zikilingana bado bia zitatofautiana.

Kitu kinachoshika kazi ya kingine tunapendekeza kiitwe "kibadala". Kibadala si lazima kiwe cha ukoo mmoja na kile kilichokosekana. Nchini Ethiopia pombe iitwayo tella hutiwa uchungu kwa gesho, mti usio na undugu na hopi. Gesho ni kibadala cha hopi. Si mbegu ya hopi. Na kwa kuwa hutumika majani yake na vijiti vyake, hapo neno "majani" ni sahihi.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

hopi – maua yatiwayo katika bia kuipa uchungu na harufu
mbegu ya hopi – hopi yenye jina na sifa zake maalumu
hopi ya uchungu – ichemshwayo kwa muda mrefu
hopi ya harufu – itiwayo karibu na mwisho wa kuchemsha
kibadala – kishikacho kazi ya kilichokosekana

Sentensi ya mfasiri wetu, basi, isomeke hivi: "Mbegu hiyo ya hopi ikikosekana, tumia kibadala chenye kazi ile ile, ikiwa ni hopi ya uchungu, pima kiasi kwa asidi zake za alfa." Imerefuka, lakini pipa limesalimika.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa waliyoyasikia kwa wapika pombe wa vijijini, tunawaomba watuandikie.