Kompyuta inapoganda: Diski hupewa muda gani kujibu?

Na Mwandishi Wetu

WAKALA wa forodha mjini Tunduma anafungua hati za mzigo unaovuka kwenda Nakonde, Zambia, na ghafla kompyuta inaganda. Malori yamepanga foleni, mteja anapiga simu, na mkono wa wakala tayari upo kwenye swichi ya umeme.

Kituo cha pamoja cha mpakani hapo kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa kuvuka. Hata hivyo, ankara na hesabu ambazo wakala huzihifadhi ofisini kwake hutegemea uzima wa diski yake mwenyewe.

Ukweli ni kwamba kompyuta iliyoganda si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ipo katikati ya kazi ngumu ya kujinusuru.

Kati ya mfumo wa kompyuta na diski kuna programu iitwayo draiva. Hiyo ndiyo inayopeleka amri za kusoma na kuandika, na kila amri huwekewa muda wa kujibiwa. Katika mfumo wa Linux muda huo kwa kawaida ni sekunde 30, na katika Windows ni sekunde 60.

Amri inaweza kuharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni diski kujibu kuwa imeshindwa, kwa mfano sehemu fulani haisomeki. Hapo draiva hujua la kufanya: kurudia amri, au kuifahamisha programu kuwa kuna hitilafu.

Ya pili ni kimya, nayo ndiyo ngumu zaidi. Draiva haijui kama diski imekufa, inachelewa, au imemaliza kazi na jibu likapotea njiani. Haithubutu hata kuitumia upya sehemu ya kumbukumbu iliyotengewa amri hiyo, kwani diski ikizinduka baadaye inaweza kumwaga data za zamani juu ya mpya.

Kwa hiyo katika Linux draiva hupanda ngazi. Kwanza huomba amri ifutwe. Ikishindikana, huianzisha diski upya; kisha njia ya mawasiliano; na mwisho kifaa kizima kinachoziongoza diski. Yote yakigonga mwamba, diski hutangazwa kuwa nje ya huduma.

Tatizo ni kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikikutana na sehemu mbovu, hung'ang'ania kuisoma kwa zaidi ya sekunde 30. Draiva huona kimya, na kuikatiza diski ambayo bado inahangaika. Diski za seva huweza kupangiwa kukata tamaa mapema, mara nyingi baada ya sekunde saba, ili jibu lifike kwa wakati.

Mtumiaji afanye nini? Asubiri dakika chache kabla ya kukata umeme, kwa kuwa data ambazo hazijaandikwa kwenye diski hupotea. Kompyuta ikirejea, anakili kwanza mafaili muhimu mahali pengine, ndipo amwite fundi akague waya, umeme na diski yenyewe.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta inayoganda mara kwa mara kisha ikapona yenyewe haijapona. Imempa mwenyewe nafasi ya kuokoa hesabu zake.