Tezi na Omo: Chombo cha Wazamiaji na Istilahi za Bahari

Kusini mwa pwani ya Kenya, kutoka Shimoni na kisiwa cha Wasini, wazamiaji hupelekwa kwenye matumbawe ya Kisite kwa majahazi ya mbao yaliyotiwa injini. Uteuzi huu una sababu. Mtungi wa hewa wa lita 12 huzidi kilo 14. Wazamiaji kumi wanaozama mara mbili huhitaji mitungi 20, yaani zaidi ya kilo 280. Shehena hii hudai chombo chenye tumbo pana kisichoyumba ovyo. Ngalawa, japo nyepesi, haifai, kwani marengu yake humtatiza mzamiaji anapoingia majini na anapotoka.

Injini, hata hivyo, imeigusa lugha pia. Istilahi za mwili wa chombo zingali kazini: mkuku, mataruma, omo na tezi. Rafadha huzunguka tezini. Baharia asiyetofautisha tezi na omo huhatarisha maisha ya aliye majini. Kinyume chake, foromali, joshi na demani, ambazo ni istilahi za tanga na upepo, hukosa kazi pale tanga linapokunjwa.

Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Asiyejua kwamba ngama ni pale maji yanapokusanyika chomboni yakasubiri kufuliwa, ataifasirije methali hii? Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuzikusanya istilahi hizi kutoka kwa manahodha na mafundi, maadamu wangalipo wa kuulizwa.