Maji Yanayokifuata Kitana

Haya, sogeeni, na mwenye kitana cha plastiki akitoe. Wewe mwenye nywele nyingi ndiye tunayekutaka leo. Chana harakaharaka, nywele ziwe kavu kabisa. Mwenzako naye afungue koki kidogo tu, maji yashuke membamba bila kukatika. Sasa sogeza kitana karibu na maji, lakini usiyaguse. Mmeona? Mkondo umepinda kukifuata kitana! Kirudishe nyuma, nao unanyooka. Kikilowa, mchezo umekwisha. Kikaushe uanze upya.

Walio Mombasa au Dar es Salaam wasishangae maji yakigoma siku ya unyevu. Utando mwembamba wa maji hutanda juu ya plastiki, na chaji hutorokea humo. Dodoma wakati wa kiangazi mchezo hunoga.

Kitana kilipopita kwenye nywele kilipora elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, elektroni hizo zimekwama palepale zilipotua. Huo ndio umeme tuli.

Na maji je? Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, nazo hazikukaa mstari mmoja: zimekunja pembe ya nyuzi 104.5 hivi. Oksijeni ni mchoyo, huzivutia elektroni kwake. Basi upande wake huwa hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Kitana hasi kikikaribia, molekuli hujigeuza, haidrojeni zikaelekea kwenye kitana.

“Kumbe ndiyo maana maji yanavutwa, Bibi!”

Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Vitabu vingi huishia hapo, nami naona vinawapunja wasomaji. Fikirieni mchezo wa kuvuta kamba: haidrojeni zinavutwa kwenye kitana, oksijeni inasukumwa mbali nacho. Nguvu zikilingana, kamba haiendi popote. Molekuli husogea kwa kuwa tu upande ulio karibu na kitana huvutwa kwa nguvu zaidi kidogo, na kwa kitu kidogo kama molekuli tofauti hiyo ni hafifu mno.

Mvutwaji mkubwa ni mwingine. Maji ya bomba yana chumvichumvi zilizoyeyuka, na chumvi ikiyeyuka huachana kuwa ioni: za sodiamu chanya, za kloraidi hasi. Hizi hutembea huru ndani ya maji. Kitana hasi kikisogea, ioni hasi husukumwa kurudi juu bombani, na chanya huzidi kwenye mkondo ulio mbele yake. Mkondo wenyewe sasa una chaji, tena kinyume cha ile ya kitana, na hapo ndipo unapovutwa kwelikweli. Leteni badala yake ufito wa glasi uliosuguliwa kwa hariri, ambao huwa chanya. Ioni zitabadilishana zamu, na maji yatapinda kuuelekea ufito vilevile! Mwaka 2000 jarida moja la Marekani la walimu wa kemia lilichapisha makala ya kusahihisha maelezo yale ya zamani, lakini bado yanafundishwa.

Kuyachezea maji namna hii si jambo la jana. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, aliandika kwamba ukisogeza kaharabu iliyosuguliwa karibu na tone la maji lililokaa pakavu, tone huinuka na kuchongoka kuielekea.

Lakini mimi nampenda zaidi William Thomson wa Glasgow, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Mwaka 1867 alieleza mtambo wa maji yanayodondoka njia mbili. Kila njia hupita katikati ya pete ya chuma na kuishia koponi, na pete ya huku imeunganishwa kwa waya na kopo la kule. Hakuna betri. Tuseme kopo moja lina chaji hasi kiduchu: pete ya upande wa pili nayo huwa hasi, matone yanayoipitia hutoka na chaji chanya, kopo lao hujaa uchanya, na pete iliyounganishwa nalo huyafanya matone ya kopo la kwanza yawe hasi zaidi. Chaji hulimbikizana hivyo mpaka cheche zinaruka. Na kabla cheche haijaruka, matone huanza kukataa kuingia koponi: yanasukumwa na chaji ya wenzao waliotangulia, yakatawanyika pembeni na kumlowesha anayechungulia.