Shingo Haipimi Suruali

Kila likizo, wazazi na mashangazi wa Majengo hapa Meru wakishapeleka vijana mitumbani, swali linaloniletea jinzi mezani ni lile lile: "Fundi, tuliipima shingoni ikatosha, mbona haipandi?" Haipandi kwa sababu mlipima shingo.

Mtindo wenyewe mnaujua. Ukanda wa suruali unafungwa, unazungushwa shingoni, ncha zikikutana kisogoni pesa zinatoka. Hesabu yake inadai kiuno ni shingo mara mbili. Kwa baadhi ya watu wazima inakaribia. Kijana wa miaka 14 yuko njiani bado: balehe inanenepesha shingo ya mvulana na kutanua mabega yake, na ya msichana inapanua nyonga bila kuigusa sana shingo. Mnapima kiungo kisichokua pamoja na kile mnachotaka kukivika.

Hata shingo ikisema kweli, inausemea ukanda tu. Suruali hukwama nyongani, mapajani na kwenye msamba, na hakuna kati ya hivyo kilichozungushwa shingoni! Jinzi ya kuvaliwa chini ya kitovu hukatwa ukanda mpana makusudi. Shingo itaikataa ilhali ingemkaa vizuri. Ya kiuno cha juu itapita shingoni, igome mapajani. Kitambaa cha kuvutika nacho kitafika kisogo chochote, muuzaji akikivuta vya kutosha.

Namba ya lebo pia msiitegemee. Mitumba hutoka nchi nyingi, na 10 ya wanawake ya Uingereza ni kama 6 ya Marekani au 36 ya Ujerumani.

Basi fanyeni hivi. Suruali inayomkaa kijana sasa ilazeni kitandani, mpime kwa tepu ukanda, nyonga, paja, na kutoka msamba hadi pindo. Andikeni kwenye simu. Sokoni, ile ya kuuzwa ipimeni vivyo hivyo bila kuivuta. Nendeni mapema, kabla kamera, yaani zile nguo bora zaidi, hazijachukuliwa. Kijana ajifunge leso, aivae, achuchumae. Ikibana nyonga, iacheni: mishono ya kiwandani mara nyingi haina kitambaa cha kuachia. Kiuno kikipwaya kidogo fundi atapunguza. Ikiwa ndefu, ikunjwe ndani na isikatwe, mwakani ifumuliwe.