Vituko vya Sherlock Holmes na akili iliyovizaa

Sebuleni mwa nyumba nambari 221B, Baker Street, London, tumbaku huhifadhiwa ndani ya ncha ya sapatu ya Kiajemi. Sigara nene zimo kwenye ndoo ya makaa ya mawe. Barua ambazo hazijajibiwa zimechomwa kisu katikati ya ubao ulio juu ya meko. Ukutani zinasomeka herufi V na R, za heshima ya Malkia Victoria, zilizochorwa kwa matundu ya risasi: mpangaji alijisikia kulenga shabaha, akafanya hivyo humo humo ndani, ameketi kitini.

Mpangaji huyo ni Sherlock Holmes, na anayetupa habari hizi katika hadithi ya "The Musgrave Ritual" ya mwaka 1893 ni Daktari John Watson, aliyepanga naye nyumba moja. Watson alikuwa daktari wa jeshi, akajeruhiwa Afghanistan, na mwenyewe anasema hana makuu katika mambo ya unadhifu. Hata hivyo, vielelezo vya kesi vinapoingia hadi kwenye kibakuli cha siagi, uvumilivu wake unafika ukomo. Na cha ajabu ni kwamba Holmes huyo huyo huvaa nguo safi zilizonyooka, na akianza kazi hakuna mpangilio wa fikra unaoushinda wake.

Arthur Conan Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 kuhusu mtu huyu, kati ya mwaka 1887 na 1927. Msomaji anayezipitia kwa utulivu huona kuwa vituko vyake vyote vina chimbuko moja. Holmes hutazama anachokitafuta kwa macho yote mawili na moyo wote. Kisichohusika na kazi, kiwe chakula, usingizi au hisia za aliye mbele yake, hakipati hata jicho la pembeni.

Mfano wa macho hayo Doyle aliupata kwa mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell wa Edinburgh. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi Bell alivyomtazama mgonjwa asiyemjua, akamwambia kuwa alikuwa mwanajeshi wa kikosi cha Waskoti, kwamba ameacha jeshi hivi karibuni na kwamba alikuwa Barbados. Wanafunzi wakapigwa na butwaa. Bell akawafafanulia: mtu yule ana adabu lakini hakuvua kofia, kwa kuwa jeshini hawavui, na angekuwa ametoka zamani angeshazoea desturi za uraiani. Amekaa kama mtu aliyezoea kutoa amri, na ni dhahiri kuwa ni Mskoti. Tena anaumwa matende, ugonjwa ambao haupatikani Uingereza bali visiwa vya Karibi.

Doyle aliyachukua macho ya mwalimu wake, kisha akauliza swali ambalo Bell hakulazimika kulijibu: mtu anayeishi hivyo usiku na mchana, maisha yake yanakuwaje?

Jibu la kwanza limo katika "A Study in Scarlet" ya 1887. Watson anagundua kwa mshangao kwamba mwenzake hajui kuwa dunia hulizunguka jua, na akishaambiwa, Holmes anasema atajitahidi kulisahau jambo hilo. Kwake yeye kichwa kina nafasi yenye kikomo, na kila upuuzi unaoingia husukuma nje kitu chenye faida. Lakini huyo asiyejua habari za jua ameandika kijitabu kuhusu majivu ya aina 140 za tumbaku, na akiona doa la tope kwenye suruali anaweza kutaja sehemu ya London lilikotoka. Katika chumba cha kupasulia maiti amewahi kuzichapa maiti fimbo, apate kujua kama mwili hufanya mavilio ya damu baada ya kufa.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika "The Sign of the Four" ya 1890, Watson anampa Holmes saa ya dhahabu aione, akitaka kumjaribu. Holmes anaifungua na kuisogeza karibu na macho. Ndani ya kifuniko kuna namba nne zilizokwaruzwa kwa pini, kama wafanyavyo wakopeshaji wa Uingereza saa inapowekwa rehani. Basi mwenye saa alifilisika mara kwa mara, na mara nyingine akapata fedha za kuikomboa. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna mikwaruzo mingi, kazi ya mkono wa mlevi uliotetemeka kila usiku akiijaza saa. Holmes anahitimisha kuwa ilikuwa ya kaka yake Watson, aliyekufa kwa ulevi. Yote ni kweli. Watson anainuka kwa uchungu, na hapo ndipo Holmes anaposhtuka na kuomba radhi: alikuwa akifumbua fumbo, akasahau kuwa fumbo lenyewe ni msiba wa rafiki yake.

Kazi ikikosekana, akili hiyo humgeukia mwenyewe. Riwaya hiyo hiyo inaanza na kwisha kwa kokeini, aliyokuwa akijidunga mara tatu kwa siku. Wakati ule dawa hiyo iliuzwa katika maduka ya dawa, lakini Watson, kama daktari, anamkanya waziwazi. Miaka mingi baadaye, katika "The Missing Three-Quarter" ya 1904, anaeleza kuwa alimwachisha kidogo kidogo, na kwamba uraibu ule umelala tu, haujafa.

Huko Zanzibar, mwandishi Muhammed Said Abdulla aliyaona mengi ya kuazima hapo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, aliyeingia madukani na "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, anavuta kiko kama Holmes na ana mwenzi, Najum, kama Watson. Sindano hana, wala mafumbo yake hayatoki kwa wageni wanaobisha hodi kutoka mji mkubwa. Mara nyingi yanatoka katika koo na ndoa za watu wa Unguja.

Holmes naye ana mtu mmoja wa karibu, na katika "The Three Garridebs", hadithi ya miaka ya 1920, anakaribia kumpoteza. Mhalifu anampiga Watson risasi ya paja. Midomo ya Holmes inatetemeka, macho yanalengwa machozi, na anamwambia yule mhalifu kuwa kama Watson angekufa, naye asingetoka mle akiwa hai. Anayetaka kumjua mpelelezi huyu asome kwanza sura ya saa, kisha hadithi hii. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya miaka 30 ya uandishi, ambamo Doyle alimwachia Holmes vituko vyake karibu vyote huku akimfundisha kumwona rafiki aliyeketi mbele yake.