Mtoto wa nyumba mbili

Katika mtaa wa Malindi, kama katika mitaa mingi ya Unguja, si jambo geni mtoto kulala kwa mama siku za skuli na kwa baba siku za mapumziko. Talaka imevunja ndoa. Haikuondoa njaa ya mtoto wala haja yake ya viatu na madaftari. Nyumba zimekuwa mbili, na gharama nazo zimeongezeka.

Nani amlee na nani amlishe ni mambo ya Mahkama ya Kadhi, ambayo leo inaongozwa na Sheria Nam. 9 ya 2017. Na Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara, aya ya 233, imekwisha kumwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na kukataza mzazi yeyote, mama au baba, kutiwa dhiki kwa sababu ya mwanawe.

Lakini kodi haimtambui mtoto huyu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, iliyo ya Muungano, humtoza kila mtu peke yake. Baba mwenye kutoa matunzo ya watoto wanne na kijana asiye na mtoto, wakiwa na mshahara mmoja, hukatwa sawasawa.

Wako wanaoshauri wazazi hawa wapunguziwe kodi. Tunaliunga mkono shauri hilo, ila halitoshi. Punguzo humfaa mwenye kukatwa. Mama anayechoma mikate alfajiri apate kuuza hana mshahara wa kukatwa. Tukiishia hapo, msaada wote utamwendea baba mwajiriwa, na mama mwenye mzigo wa kila siku atabaki mikono mitupu.

Huko Kanada, Serikali hulipa posho ya mtoto kwa fedha taslimu, na wazazi waliotengana wanaogawana malezi takriban sawa hupata kila mmoja nusu ya stahili yake. Asiseme mtu kwamba hayo ni ya matajiri tu. Mwaka 2016 Serikali yetu ilianzisha Pencheni Jamii, ikawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi Shs. 20,000 kwa mwezi, bila ya kuwauliza waliwahi kuajiriwa au la.

Tunawaomba wakubwa wanaohusika walifikirie jambo hili. Posho ya mtoto iwepo, hata kama ni ndogo. Hukumu ya Kadhi iwe ndiyo hati ya kuigawa. Na mzazi asiyetoa matunzo aliyoamriwa asipewe fungu. Talaka ni halali. Kumdhulumu mtoto si halali.